Nyanya zinanyauka zikianza kutoa maua: nipige dawa gani?

Swali

Bwana shamba, shikamoo. Naishi Kigamboni. Nyuma ya nyumba nina uwanja wa hatua kama kumi na mbili kwa nane, mchanga mtupu. Nina kisima, maji yake yana chumvi kwa mbali. Nimeotesha nyanya mara mbili. Zikianza kutoa maua zinanyauka mchana, jioni zinainuka, baada ya siku chache zinakufa zikiwa bado za kijani. Mchicha unaota lakini unabaki mfupi na wa njano, unatoa mbegu kabla sijachuma. Nilichanganya randa kutoka kwa fundi seremala ili mchanga ushike maji, na matuta nimeyanyanyua kama nilivyoyaona Lushoto. Mpapai wangu una maua mengi mno lakini hauzai. Jirani anasema ninunue lori la udongo mwekundu, muuza pembejeo anasema nipige dawa. Nianze na lipi?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Lori la udongo mwekundu liache, na dawa usinunue kwanza. Kila ulichokieleza kina chanzo unachoweza kukiona kwa macho yako, na ninavyokusoma hakuna hata kimoja kinachotibiwa na chupa. Uwanja wako unadai chakula cha udongo, maji yanayokaa pale mizizi ilipo, na mazao yanayokubaliana na joto la pwani. Ukivipata hivyo, eneo hilo linatosha kuilisha mboga nyumba yako mwaka mzima. Ila tuanze na nyanya, maana ndizo zinazokuumiza roho, na lazima ujue zimeuawa na nini kabla hujapanda kitu kingine pale.

Mche unaponyauka mchana na kuinuka jioni, mizizi au mirija ya shina inashindwa kupandisha maji kwa kasi ambayo jua linayanyonya kwenye majani. Udongo wenyewe unaweza kuwa umelowa kabisa. Ndiyo maana watu wengi huongeza kumwagilia na mche ukafa upesi zaidi. Kwa huku kwetu wa kushukiwa ni watatu, na unaweza kuwatofautisha hapo hapo jikoni kwako bila kwenda maabara.

Safari nyingine mche ukianza kunyauka, chagua ule ulioanza leo au jana, si uliokwisha kukauka. Usiuvute. Chimba kuuzunguka, uutoe na mizizi yake yote, kisha uisuuze taratibu ndani ya ndoo. Kata shina kwa kisu kikali karibu na usawa wa ardhi, upate kipande cha urefu wa kidole. Jaza glasi safi maji meupe, shika kile kipande kwa juu, ncha ya chini iguse maji na kuzama kidogo tu. Usikitikise. Weka kwenye mwanga, subiri dakika tatu hadi tano huku unaangalia pale kilipokatwa. Ukiona uzi mwembamba wa ute mweupe unateremka kutoka kwenye kidonda hadi maji yanaanza kuwa na ukungu, huo ni mnyauko bakteria. Ule ute ni bakteria wenyewe, Ralstonia solanacearum, waliokuwa wameziba mirija ya maji ndani ya shina.

Ute usipotoka, rudi kwenye mizizi uliyoisuuza. Mizizi ya nyanya yenye afya ni nyembamba na imenyooka. Ukiikuta ina uvimbe na vifundo vifundo mpaka haifanani na mizizi tena, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanaipenda sana ardhi ya mchanga yenye joto. Hapa usichanganye na mizizi ya kunde. Kunde ina vifundo vyake vizuri vinavyotengeneza naitrojeni, na ukivisugua kwa kidole vinabanduka. Uvimbe wa minyoo haubanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wa tatu ni mnyauko wa ukungu, ambao watu wa shamba wanauita fuzari. Huu huanza kwa majani ya chini kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mche, na ukipasua shina kwa urefu unakuta michirizi ya kahawia ndani. Kwenye glasi hautoi ute.

Wewe umesema zinakufa zikiwa za kijani, tena kwa siku chache. Hiyo inanifanya nishuku bakteria, lakini fanya kipimo, usichukue neno langu. Na usishangae ukikuta ute pamoja na vifundo. Minyoo huitoboa mizizi, na bakteria wanaingia kwenye vidonda hivyo.

Ikiwa ni bakteria, hakuna dawa dukani ya kumponya mche ulioambukizwa. Dawa za ukungu hazimhusu kabisa huyu mdudu. Ng'oa mche pamoja na udongo unaoshikana na mizizi, choma moto, usiutupe kwenye lundo la mboji. Osha jembe kwa sabuni kabla ya kuhamia kitalu kingine, maana bakteria huyu anasafiri na maji, na udongo wa kwenye jembe na viatu, na zaidi ya yote ndani ya miche ya kununua ambayo kwa macho haina kasoro. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, usipande pale ndugu yeyote wa nyanya: biringanya, nyanya chungu, pilipili, mnavu wala viazi mviringo. Wote wanashambuliwa na bakteria huyo huyo, na anaweza kukaa ardhini miaka kadhaa akisubiri. Hata ndulele zilizojiotea kando ya uzio ni za ukoo huo, zing'oe. Sehemu hiyo ipe mahindi, mchicha, kunde na matembele. Ukitaka nyanya zako zisikose kabisa, zioteshe kwenye ndoo kuukuu au viroba vilivyotobolewa chini, ndani yake mchanganyiko mpya wa mboji na udongo kutoka mahali pasipowahi kulimwa nyanya, na uviweke juu ya matofali ili visiguse ardhi.

Ukiona ni minyoo fundo, shughuli inakuwa tofauti kidogo. Bamia kwa mfano, ambayo kwenye bakteria ingekuwa salama, kwenye minyoo inateseka vibaya. Minyoo hupungua kwa mboji nyingi, na kwa kuotesha maua ya bangi mwitu yale ya njano na chungwa yanayopandwa bustanini. Yaoteshe kitalu kizima kwa miezi mitatu hivi, kisha uyalimie humo humo. Mche mmoja mmoja pembezoni unapendeza tu, hausaidii.

Ukienda kununua mbegu, geuza pakiti usome herufi ndogo zilizoandikwa baada ya jina la aina. Kampuni za mbegu huandika kwa vifupisho magonjwa ambayo aina hiyo inayastahimili. Herufi Rs zinamhusu bakteria niliyemtaja, F au Fol ni fuzari, N au Mi ni minyoo fundo. Mbegu chotara yenye Rs ni ghali, lakini kwa miche kumi ya nyumbani gharama hiyo inabebeka. Kustahimili si kinga kamili, ila ni tofauti ya kupata kitu na kukosa kabisa.

Kuna jambo hukunitajia, nalo ni mwezi uliopandikiza. Nyanya inataka usiku wenye ubaridi kidogo ili maua yashike. Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi usiku haupoi, joto linakaa kwenye nyuzi 24 au 25, na maua mengi yatadondoka hata kama mche hauna ugonjwa. Kwa hiyo mbegu zisie kitaluni mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei, miche ihamishwe jioni ikiwa na wiki tatu hadi nne, na maua yaje kwenye baridi ya Juni na Julai. Utaanza kuchuma Agosti. Huo ndio msimu wa nyanya wa pwani. Nje ya hapo nunua sokoni nyanya za Kilolo na Lushoto, na ardhi yako ipe kinachoitaka.

Sasa udongo. Ule mwekundu unaouzwa kwa malori mara nyingi ni kifusi. Umechimbwa chini, mbali na tabaka la juu lenye uhai, kwa ajili ya kujazia viwanja. Utamwaga fedha kwa kitu kisicho na chakula, tena kikikauka kinakuwa kigumu. Mchanga wako una sifa nzuri ambazo watu wa mfinyanzi wanazitamani: hautuamishi maji, unalimika kwa mkono, na mizizi inapenya bila shida. Kasoro yake ni kwamba ni chungio. Maji yanapita, na mbolea yoyote uliyoweka inapita nayo. Kinachoziba matundu ya chungio hilo ni mboji.

Kwa mara ya kwanza weka ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Zikisambazwa zinatoa tabaka la sentimita nne. Lichanganye na mchanga wa juu mpaka kina cha sentimita 20 hivi, si chini zaidi, kwa sababu mizizi ya mboga nyingi inakula hapo. Baada ya kila mavuno ongeza ndoo moja. Usidhani ukiweka mara moja umemaliza. Kwa joto letu mboji inaoza na kuisha haraka, kwa hiyo mwenye bustani ya pwani ni mtu wa kulisha udongo mwaka mzima. Usianze na uwanja wote. Anza na vitalu vinne vya upana wa mita moja na urefu wa mita nne. Hizo ni mita za mraba 16, ndoo 32 za mboji, na ni eneo ambalo mtu mwenye kazi nyingine anaweza kulitunza vizuri asubuhi na jioni. Upana usizidi mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga.

Mboji utaipata wapi? Nusu utaitengeneza. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya bustani, magugu yasiyo na mbegu, majani makavu ya mwembe unayofagia kila siku na kuyachoma (acha kuyachoma, tafadhali, hiyo ni mbolea yako inayopaa), vyote hivyo panga tabaka kavu na tabaka bichi, na katikati tia samadi kidogo. Lundo lisiwe dogo kuliko mita moja kila upande, la sivyo halishiki joto. Chomeka kijiti kirefu katikati. Siku ya nne au ya tano kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na unyevunyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa cha moto lakini kikavu, nyunyizia maji. Kikiwa cha baridi na kinanuka, maji yamezidi, geuza lundo na uongeze majani makavu. Likigeuzwa kila baada ya wiki mbili, miezi miwili hadi mitatu inatosha.

Nusu nyingine ni samadi ya kununua. Ya ng'ombe iliyokaa ni salama zaidi kwa anayeanza. Ya kuku ina nguvu sana, na ikiwa mbichi inaunguza miche. Ilundike chini ya kivuli, iwe na unyevu, ifunike, uiache wiki sita hadi nane mpaka ile harufu inayochoma pua iishe. Hiyo ukiweka, kipimo kiwe nusu ya nilichokutajia.

Hapo ndipo tunafika kwenye randa, na kwenye mchicha wako. Nia yako ilikuwa njema, lakini mbao mbichi zikifukiwa ardhini, vijidudu vinavyoziozesha vinahitaji naitrojeni nyingi, na vinaichota kwenye udongo kabla mchicha haujaipata. Mchanga wenyewe ulikuwa na kidogo, randa zikachukua na hicho. Angalia mche wa mchicha: njano ikianzia kwenye majani ya chini, yale ya zamani, ni njaa ya naitrojeni. Mche wenye njaa hauna muda wa kukua, unawahi kutoa mbegu. Chukua reki, vuta randa zote unazoweza kuziona, uzimwage kwenye njia za katikati ya vitalu. Pale juu ya ardhi zitakufaa kuzuia magugu bila madhara. Kwa kitalu ambacho zimekwisha kuchanganyika sana, nyunyiza urea kijiko kimoja cha chai kwa kila mita ya mraba, mwagilia papo hapo, urudie baada ya wiki mbili. Wapo watakaokulaumu kwa urea. Mimi sioni ubaya wa kijiko kimoja pale ambapo ardhi ina njaa ya dhahiri, ilimradi mboji inaendelea kuja. Usichofanya ni kumimina mkono mzima kwa siku moja, kwa kuwa mvua moja tu itaipeleka yote kisimani.

Ukishalisha kitalu, sia mchicha hivi. Mbegu ni ndogo mno, changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, umwage kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, ufukie kwa udongo usiozidi unene wa ukucha. Funika kwa makuti. Sisimizi wanazipenda hizo mbegu, kwa hiyo kagua pembeni kama kuna msafara wao. Siku ya nne hivi ukiona vimechomoza, ondoa makuti jioni, si mchana. Kuanzia wiki ya tatu unang'oa iliyobanana kwa chakula cha usiku, inayobaki inapata nafasi. Ikifika urefu wa goti ikate sentimita 15 juu ya ardhi, itachipua. Sia kitalu kimoja kila baada ya wiki mbili na hutakosa mchicha.

Hayo matuta ya Lushoto yalikuwa sahihi kwa Lushoto. Kule ni mlimani, mvua ni nyingi na udongo ni mzito, tuta lililonyanyuliwa linaiondolea mizizi maji ya ziada. Wewe ukinyanyua mchanga unauanika ukauke kutoka juu na kutoka pembeni. Fanya kinyume. Chota mchanga kutoka kwenye kitalu uuweke kwenye njia, mpaka usawa wa kitalu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya njia. Kila tone unalomwaga linabaki mle ndani. Kama eneo lako ni la bondeni na masika maji huwa yanakaribia juu, rudisha vitalu usawa wa njia ifikapo Machi, halafu uzamishe tena mvua zikiisha.

Kwa jua la kawaida la hapa, hesabu lita tano kwa mita ya mraba kwa siku. Kitalu kimoja cha mita nne za mraba ni ndoo moja ya lita 20, vitalu vinne ni ndoo nne. Kwenye mchanga gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Funika ardhi kwa matandazo ya nyasi kavu, majani ya mgomba au makapi ya mpunga, unene wa vidole vinne, na utaona mwenyewe kwamba unaweza kupunguza maji. Ingiza kidole chini ya matandazo saa nane mchana. Kukiwa na unyevu mpaka pingili ya pili, hakuna haja ya ndoo ya jioni.

Chumvi ya kisima naichukulia kwa uzito. Visima vingi vya karibu na bahari vina shida hii, na inazidi wakati wa kiangazi. Tafuta mtu mwenye kile kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvi kwenye maji, mafundi wa visima na wauzaji wa mitambo ya kuchuja maji wanacho. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji yenye chini ya miligramu 450 za chumvi kwa lita hayana neno kwa umwagiliaji. Kati ya 450 na 2000 uchague mazao na uwe na uangalifu. Zaidi ya 2000 ni tatizo kubwa. Kama unaionja kwa ulimi, wewe huenda uko kwenye lile kundi la katikati au zaidi. Dalili yake shambani ni kingo za majani kuungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Maharage, karoti na vitunguu vitakusumbua. Spinachi, kunde na mchicha vinavumilia zaidi, na mnazi haujali. Mwagilia chini kwenye udongo, usirushie majani, maana tone likikauka juu ya jani linaacha chumvi yake pale. Na mara moja kwa wiki mwaga maradufu ya kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Hapa mchanga unakuwa rafiki yako, unasafishika kirahisi kuliko mfinyanzi, na masika inamalizia kazi.

Vilevile una paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 kwa siku moja, ni lita 1200. Toa zinazopotea, bado tangi la lita 1000 linajaa. Maji hayo yatumie kitaluni kwenye miche michanga, ndiyo inayodhurika zaidi na chumvi. Ya kufulia peleka kwenye mgomba, si kwenye mboga za majani.

Ukiniuliza nikupangie vitalu vinne, ningeweka kimoja mchicha, kimoja matembele, kimoja kunde za majani, na cha nne bamia au mahindi kutegemea mizizi yako imekuonyesha nini. Matembele ndiyo mboga ya pwani isiyo na makuu. Kata mashina ya sentimita 30, fukia nusu, mwezi mmoja na nusu baadaye unachuma vichwa, na inaendelea miezi kadhaa ukiilisha mboji. Maboga yapande pembeni ya lundo la mboji yatambae juu ya uzio, upate majani na maua. Vidukari na viwavi wakija, chukua mbegu za mwarobaini zilizokauka, nusu kilo, zitwange, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, upulize jioni. Jioni kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ninayokuruhusu.

Kwenye uzio wa upande wa jua kuna nafasi ya pasheni. Chukua ile ya njano, ya zambarau ni ya milimani. Panda miche miwili iliyotokana na mbegu tofauti, kwa sababu ua la pasheni ya njano halikubali chavua ya mche wake wenyewe. Anayeibeba chavua hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, usimuue. Mgomba mmoja uwe karibu na bomba la maji ya kuogea, uuache na machipukizi mawili tu ya umri tofauti: mama, mtoto, mjukuu.

Mpapai wako ni dume. Sogelea uangalie maua. Kama ni madogo, mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, hilo halina ubishi. Jike lina maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, na ukilifungua moja unakuta tunda dogo la mviringo chini yake. Kuna aina ya tatu, yenye dume na jike ndani ya ua moja, na tunda lake ni refu. Watu watakuambia upigilie msumari au uukate kichwa. Usijisumbue, ukate, nafasi hiyo ni ya thamani.

Mbegu mpya zitoe kwenye papai refu tamu, la ule mti wenye maua ya jinsia mbili. Ua hilo kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na mbegu zake hazitoi madume: kati ya miche mitatu, kwa wastani miwili itakuwa ya jinsia mbili na mmoja jike, yote inazaa. Papai la mviringo ni la mti jike, chavua yake imetoka usikokujua, na karibu nusu ya miche yake inaweza kuwa madume. Suuza ule utelezi unaozizunguka mbegu, zikaushe kivulini, otesha kwenye viriba. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wake na ndoo mbili za mboji, panda miche mitatu kwenye shimo hilo hilo mwanzoni mwa masika, pakiwa pamenyanyuka kidogo, kwa kuwa mpapai hauvumilii maji kusimama kwenye shina hata siku mbili. Miezi mitano au sita baadaye maua yatajionyesha. Hapo bakiza mmoja wa jinsia mbili, mingine kata.